Mtaa haupitiki, maji yanaingia ndani, baa imefunguliwa jirani: jinsi ya kujua tatizo lilianzia wapi

Ukihudhuria mikutano ya mtaa hapa Dar malalamiko ni yaleyale kila mwaka, barabara haipitiki, maji yanaingia sebuleni, jirani kafungua gereji, gari la taka haliji, na kila lalamiko lina mtuhumiwa wake ambaye mara nyingi ni yule tunayemuona kwa macho, dereva wa bajaji, jirani, mwenyekiti wa mtaa, mvua. Mimi nimeangalia haya mambo muda mrefu na ninachokiona ni kwamba shida nyingi za mtaa zilishaingia kwenye ardhi siku shamba lilipokatwa vipande, kabla hata ya tofali la kwanza, na tusipoenda mpaka pale kwenye mkato tutabaki tunachanga hela za kifusi kila masika na hali iko palepale. Kwahiyo hapa chini nimeenda dalili kwa dalili. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam kwa sababu ndiko ninakokujua, ila mtu wa Mwanza au Mbeya atajiona humu humu.

Kabla ya yote: ni shida ya barabara au ya matumizi?

Hili swali watu wanaliruka na ndio maana wanaishia kupeleka lalamiko ofisi isiyohusika. Kuna mitaa ambayo njia zake zimekatwa vibaya, na kuna mitaa ambayo njia ziko vizuri tu ila kinachofanyika juu ya viwanja kimezidi kile ambacho mtaa ulipangiwa. Dalili zinafanana (foleni, kelele, majitaka barabarani) lakini chanzo ni tofauti kabisa.

Chukua Sinza na Manzese, ni majirani, udongo mmoja, mvua moja. Sinza ilipimwa miaka ya 1970 kwenye ule mpango wa viwanja vyenye huduma uliokopewa hela Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, yani barabara na viwanja viliwekwa kwanza halafu watu wakaja kujenga wenyewe kwa uwezo wao. Manzese mradi huohuo uliikuta watu wameshajenga, ikabidi barabara na huduma zipenyezwe katikati ya nyumba. Miaka karibu 50 imepita na tofauti bado unaiona kwa miguu, Sinza ukikuta njia imezibwa unazunguka mtaa unaofuata, Manzese ya ndani ukikuta imezibwa unarudi ulikotoka. Na waliojenga Sinza wengi walikuwa watu wa kipato cha kawaida tu, kwahiyo hoja kwamba mpangilio ni wa matajiri mimi siikubali hata kidogo.

Sasa Sinza nayo leo inalia, ila inalia kilio kingine, baa, lodge, kumbi, ghorofa kwenye kiwanja kilichokuwa cha nyumba ya familia moja. Na Kariakoo vilevile, ile mitaa iliyonyooka kama daftari la hesabu ipo tangu enzi za ukoloni na inafanya kazi, kinachoilemea ni maghorofa ya maduka na stoo kwenye viwanja vidogo vilivyokatwa kwa ajili ya nyumba ya Kiswahili ya chumba chumba. Kwahiyo ukiwa Sinza usililie barabara mpya, na ukiwa Goba, ambako mashamba yalikatwa bila mpango, usianze na baa, anza na njia.

Dalili: asubuhi mtaa mzima unatokea sehemu moja

Hii ndio kubwa kuliko zote na nitakaa nayo. Goba ya ndani, Mbezi, Saranga, Kinyerezi, Kivule, Salasala, hadithi ni moja. Saa kumi na mbili asubuhi magari, bajaji, bodaboda, watoto wa shule na kirikuu cha maji vyote vinakutana kwenye njia panda moja, lori la mchanga likikwama hapo basi hakuna anayetoka. Watu wanasema tatizo ni lami hakuna, wakipata lami wanasema tatizo ni madereva, na diwani anaahidi kupanua.

Chanzo: eneo lilikuwa mashamba. Mwenye ekari tano alimuuzia mtu mmoja mmoja, vile vipande tunavyoita ishirini kwa ishirini, yani mita 20 kwa 20, akaacha kinjia cha kuingilia mpaka mwisho wa shamba lake, na hapo kikaishia. Mwenye shamba la pili akafanya hivyohivyo upande wake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kuunganisha njia yake na ya mwenzake, maana kila mita ya njia ni mita ambayo haiuzwi. Matokeo yake unapata vinjia kumi vilivyozibwa mwisho, vyote vinamwaga watu kwenye barabara moja. Na serikali ilikuwa wapi? Mpango kabambe wa Dar, yani ramani kuu ya jiji zima lijengwe vipi, ulitoka 1949, 1968 na 1979, ule wa 1979 ulikuwa wa miaka 20, halafu jiji likakaa muda mrefu sana bila mwingine mpaka huu wa 2016 hadi 2036. Katikati hapo jiji halikusimama kusubiri, sensa ya 2022 imehesabu watu milioni 5.38, na makadirio yanayotajwa siku zote ni kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wanaishi kwenye maeneo yasiyopangwa.

Kipimo unaweza kukifanya mwenyewe leo jioni. Fungua ramani kwenye simu, ile ya picha ya juu, tafuta nyumba yako. Chagua nyumba iliyo nyuma yako kabisa, ile mnayopakana ukuta kwa ukuta, halafu iambie simu ikupeleke kwa gari. Kama nyumba iko mita 50 kwa jicho na simu inakuzungusha kilomita nzima, umeshapata ugonjwa. Baada ya hapo hesabu njia za kutokea mtaani kwenu kwenda barabara kubwa, sio njia za miguu, za gari. Zikiwa moja au mbili kwa mtaa wa nyumba mia kadhaa, basi hata mkiwekewa lami ya kioo foleni itabaki, kwa sababu lami inafanya gari lifike haraka zaidi pale pale pa kukwamia.

Tiba ni viungo. Yani kutafuta sehemu mbili tatu ambapo vinjia viwili vilivyoziba vinakaribiana, na kuviunganisha. Mara nyingi kinachotenganisha ni kiwanja kimoja kisichojengwa au kona ya ukuta, mita 60, mita 80. Kiungo kama hicho kinafungua mtaa kuliko kupanua kilomita mbili za barabara iliyopo, na gharama yake ni ya kumfidia mtu mmoja au kununua kipande kimoja kwa mchango. Lakini kina muda wake, siku yule mwenye kiwanja akimwaga msingi, kiungo kimekufa. Kwahiyo mkikiona, pelekeni haraka kwa mtendaji wa mtaa kiingie kwenye muhtasari wa mkutano wa wakazi, kisha kwa diwani, kisha kwa watu wa mipango miji wa halmashauri, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wahusishwe mapema maana ndio wenye barabara za mitaa tangu 2017.

Kuna kitu kimoja kinaniumiza kwenye hili. Kuna mitaa ilikuwa na kiungo kizuri tu, wakazi wenyewe wakaweka geti, eti bodaboda wanapita kasi na wezi wanatorokea huko. Nawaelewa kabisa, mtoto akigongwa hakuna wa kukurudishia. Ila weka matuta, weka nguzo mbili baiskeli na watu wapite na gari la dharura liweze kuzing'oa, usizibe. Ukiziba, wale bodaboda wote wanahamia njia ya jirani yako, naye kesho ataweka geti lake.

Dalili: gari halifiki nyumbani

Hapa sio foleni, hapa gari haliingii kabisa. Hii huwa inaonekana siku za shida tu. Nimeona msibani, Coaster na gari la jeneza vimesimama barabarani, vijana wamebeba jeneza begani kwenye kinjia ambacho watu wawili wakipishana mmoja anageuka ubavu, na kwenye kona mbele ikabidi jeneza liinuliwe juu ya ukuta wa mtu ndio lipite. Wazee waliohamia hapo mwanzo wanasema hapo palikuwa na njia ya mkokoteni. Njia ilikuwepo, ililiwa, huyu kasogeza ukuta nusu mita, yule kaweka baraza, wa tatu kachimba shimo la choo nje ya mpaka wake na kulifunika na zege.

Gari la zimamoto lina upana wa kama mita 2.5 na linahitaji kama 3.5 mpaka 4 ili lipite na watu wafanye kazi pembeni. Pima kinjia chenu kwa futi kamba, usipime sehemu pana, pima ile nyembamba kuliko zote, maana hiyo ndio inaamua.

Tiba yake ni kila mtu aachie kidogo, na watu wanagoma kwa sababu hawajapigiwa hesabu. Ngoja tupige. Kinjia kina mita 2, mnataka 6. Kila upande unaachia mita 2. Mwenye ishirini kwa ishirini anapoteza mita za mraba 40 kwenye 400, yani asilimia 10, na anabaki na kiwanja kinachofikika kwa gari, ambacho bei yake sokoni sio sawa na kile cha mwanzo hata kidogo, ulizia tu dalali yeyote. Shida inakuja pale ambapo wa upande mmoja ameshajenga mpaka mwisho na wa pili bado, watu wanataka aachie yule ambaye hajajenga peke yake mita zote 4. Hapo ndio ugomvi unapozaliwa, na mimi naona ni haki alipwe au apunguziwe mchango wa upimaji, sio kumwambia tu "we kijana bado hujajenga, vumilia".

Wakati mzuri wa kulimaliza ni kwenye urasimishaji, yani pale mtaa uliojengwa bila mpango unapochorewa mpango na kupimwa ili watu wapate hati. Na hapa nawaomba sana, msikubali mpimaji aanze kuweka bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, kabla mchoro wa mipango miji haujabandikwa ukutani ofisi ya mtaa na watu wakauona, wakabishana, wakakubaliana njia zipite wapi. Kampuni nyingine zinapenda kupima kila nyumba ilivyo, zinachora vinjia kama vilivyo, zinamaliza haraka. Mchoro ukishaidhinishwa kinjia cha mita 2 kinakuwa kinjia halali cha mita 2, mmelipia kuhalalisha ubaya wenyewe. Kuna mtaa mmoja watu wamechanga kwa kamati, wana risiti, bikoni zimewekwa, na njia ni zilezile za jeneza kuinuliwa.

Dalili: umeamka umekuta X ya kubomolewa ukutani

Fupi tu hapa. Jua kwanza barabara ni ya nani, kubwa na za mkoa ni TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, za mitaa ni TARURA. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi, yani eneo la pembeni lisiloruhusiwa kujengwa, ya barabara kuu na za mkoa ikawa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, zamani ilikuwa 22.5. Ndio maana kuna X nyekundu na X ya kijani, nyekundu ni kwamba ulijenga ndani ya hifadhi ya zamani na fidia huna, kijani ni kwamba uko kwenye ile nyongeza na unatakiwa ulipwe ndio uondolewe. Usidhani upana ni uleule kila mahali, kwenye Barabara ya Morogoro upande wa Kimara mwaka 2017 bomoabomoa ilifanyika kwa hifadhi ya mita 121.5 kila upande. Kwahiyo nenda kaulizie barabara yako yenyewe, kwa maandishi, usipime na kijana wa mtaani.

Dalili: maji yanaingia ndani na zamani hayakuwa yanaingia

Neno la kushika hapa ni "zamani hayakuwa yanaingia". Kama mvua ni ileile na maji ni mapya basi kuna kitu kimebadilika juu yako, sio kwako. Toka nje mvua ikiwa inanyesha, vaa mabuti, pandisha na maji mpaka uone yanatoka wapi. Mara nyingi utakuta moja ya haya.

Lami imekuja na imewekwa juu. Mkandarasi kajaza kifusi akapandisha barabara nusu mita, nyumba zote pembeni zimekuwa bondeni, na mtaro kaujenga upande mmoja tu au umeishia njiani, kwenye ukuta wa mtu, kwa sababu bajeti iliishia hapo. Mtaro usiokuwa na mwisho ni hatari kuliko kutokuwa na mtaro, unakusanya maji ya mtaa mzima na kuyakabidhi kwa familia moja. Mkisikia mradi wa lami unakuja, swali la kwanza kwenye mkutano lisiwe lami itafika wapi, liwe mtaro utamwaga wapi, na muonyeshwe kwenye mchoro, msikubali kuonyeshwa kwa kidole.

Au mkondo umejengwa. Kila mtaa una sehemu ambayo wenyeji wanaiita kibonde, kiangazi ni kikavu kabisa, dalali anakiuza bei poa, mnunuzi kaja Agosti. Akijaza kifusi na kuweka ukuta, maji yanatafuta kwingine na kwingine ni kwako. Hapa kuna kitu cha kushika, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au fukwe. Watu wanasema hiyo inahusu mito mikubwa tu, lakini angalia mto Mbezi na mto Tegeta, kingo zimemeguka mwaka hadi mwaka, wachimba mchanga wanachimba chini, mto unatanuka, nyumba iliyokuwa mbali na maji leo choo kinaning'inia.

Na Jangwani kila mtu anaijua, bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, waathirika wakapelekwa Mabwepande, na mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016 karakana yake ilikuwa imejengwa palepale bondeni na maji yakaifuata. Nalitaja hili kwa sababu wananchi wanapoambiwa wamejenga bondeni kwa ukaidi, wakati mradi mkubwa wenye wataalamu nao umekaa humohumo, inakuwa ngumu kuwashawishi wahame. Uamuzi wa wapi pajengwe na wapi paachwe lazima uwe mmoja kwa wote.

Tiba ya kweli ya maji inaanzia juu ya mlima, kwenye mitaa ambayo haifuriki. Watu wa juu wakisakafia ua mzima na kuelekeza bomba la paa barabarani, wa chini anazama. Acheni udongo uonekane, chimbeni mashimo ya kunywea maji, kingeni maji ya paa kwenye matenki. Najua inachosha kumwambia mtu wa juu ahangaike kwa ajili ya mtu asiyemjua, ila hao ni majirani zake kwa maji.

Dalili: jirani kageuza nyumba kuwa baa, gereji, stoo ya saruji, au kanisa la maspika

Hapa tumehama, hii ni ya matumizi. Usianze na polisi, na usianze na ugomvi wa ukutani. Anza kwa kuuliza kile kiwanja kimepangiwa nini. Kama eneo limepimwa, mchoro upo halmashauri na unasema kiwanja namba fulani kitalu fulani ni makazi, au makazi na biashara, au ni cha huduma ya jamii. Kubadilisha matumizi kuna utaratibu chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, mwombaji anatakiwa atangaze, majirani wapate nafasi ya kupinga, kamati ikae, ipande juu. Kama hukuona tangazo wala hukuulizwa, andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri ukiomba kujua kibali cha kubadili matumizi kilitolewa lini, nakala kwa mtendaji wa kata. Barua ya kuuliza kibali ina nguvu kuliko barua ya kulalamikia kelele, maana hiyo inahitaji jibu la ndiyo au hapana. Kelele zenyewe ni njia ya pili, kuna NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, na maafisa mazingira wa halmashauri.

Kwenye eneo lisilopimwa ni ngumu zaidi, hakuna mchoro wa kuulizia, hapo inabaki leseni ya biashara na mkutano wa mtaa. Ndio sababu nyingine ya kutaka urasimishaji ufanywe vizuri.

Lakini tusiwe wagumu kupita kiasi. Genge, duka la Mangi, saluni barazani, fundi cherehani, hivi vinafanya mtaa uishi, mama anauza vitumbua mlangoni na watoto wake wako machoni pake. Mtaa wa makazi matupu unawalazimisha watu wote kutoka kwenda kununua hata kiberiti, na hapo unarudi kwenye foleni ya njia panda ile ile. Ninachopima mimi ni magari mangapi yanavutwa, mzigo mzito kiasi gani, usiku mpaka saa ngapi. Stoo inayoleta Fuso kumi kwenye njia ya mita 5 haifai, hata kama mwenyewe ni muungwana na anachangia misiba yote.

Dalili: shule iko mbali, uwanja hakuna

Kama eneo limepimwa, kaangalie mchoro, inawezekana kabisa shule na eneo la wazi vilikuwepo kwenye karatasi na leo pana nyumba ya mtu. Tunzeni nakala za hiyo michoro mtaani, msiiachie halmashauri peke yake, na mkiona eneo la wazi limeanza kuzungushiwa mabati ulizeni siku hiyohiyo. Msisubiri linta.

Kama halijapimwa, eneo la shule halipo na halitakuwepo mpaka linunuliwe, na bei inapanda kila mwaka. Mitaa mipya ya pembeni, Kibamba, Mapinga, Chanika, bado kuna nafasi ya kuchangishana ekari moja mbili sasa hivi. Na anayenunua kiwanja huko leo, asiishie kuangalia hati ya mauziano na mjumbe kusaini, atembee kwa mguu mpaka mwisho wa ile njia ya kuingilia, aone inaishia wapi, aulize wa mbele shamba ni la nani na kama yuko tayari njia ipite, na hayo makubaliano yaandikwe kwenye karatasi ileile ya mauziano kabla hela haijatoka mfukoni.